Celeron 300A, Barton au Northwood: ipi ya kupandisha kasi katika joto la Dar

Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, chumba kisicho na kiyoyozi Tabata au Sinza hufika nyuzi joto 32 mchana. Ndani ya kasha la kompyuta lililofungwa, hewa inayoifikia feni ya prosesa huwa karibu nyuzi 40. Hiyo 40 ndiyo namba ya kuanzia katika kila hesabu iliyopo hapa chini. Maelekezo mengi ya kupandisha kasi prosesa za zamani yaliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hewa ya ndani ya makasha yao ilikuwa nyuzi 28 hivi. Ukiyafuata kama yalivyo, nyuzi 12 za akiba zimeshaliwa kabla hujawasha mashine.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia MHz (namba ya kasi), uliza prosesa ipi huongeza kasi nyingi kwa joto dogo, na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ipi inaikubalia. Hapa tunalinganisha tatu ambazo bado zina wapenzi: Celeron 300A ya 1998, Athlon XP 2500+ aina ya Barton ya 2003, na Pentium 4 2.4C aina ya Northwood ya mwaka huohuo.

Hesabu ya joto kwanza

Wati zinazotoka kwenye prosesa hupanda sawasawa na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Celeron 300A hutoa takriban wati 19 ikiwa MHz 300 na volti 2.0. Ipandishe hadi 450 bila kugusa volti, zinakuwa 28.5. Ongeza volti hadi 2.2, zinafika 34.5. Hizo wati 6 za mwisho hazikukuongezea hata MHz moja. Zimekununulia utulivu tu. Ndiyo maana volti huguswa mwisho, na kwa kidogo.

Upande wa pili ni hitisinki (chuma chenye mapezi kinachoondoa joto kwenye prosesa), ambayo uwezo wake hupimwa kwa nyuzi kwa kila wati. Kipande kidogo cha alumini cha Slot 1 (sloti ya Celeron 300A) huwa na 0.8 hivi. Hitisinki ya kawaida ya alumini yenye feni ya milimita 60 ni karibu 0.45. Shaba nzito yenye feni ya milimita 80 hushuka hadi 0.30 au 0.35. Zidisha wati kwa namba hiyo, jumlisha 40, umepata joto la kutarajia. Namba za kwenye mabano ni kizidishio mara FSB, yaani mapigo ya njia inayounganisha prosesa na mazabodi.

| | Celeron 300A | Barton 2500+ | Northwood 2.4C |
|---|---|---|---|
| Kasi ya kiwandani | MHz 300 (4.5 × 66) | MHz 1833 (11 × 166) | GHz 2.4 (12 × 200) |
| Kasi ya kulenga | MHz 450 (4.5 × 100) | MHz 2200 (11 × 200) | GHz 3.0 (12 × 250) |
| Volti | 2.0, isizidi 2.2 | 1.65 hadi 1.75 | 1.525 hadi 1.55 |
| Wati baada ya kupandisha | 29 hadi 35 | karibu 86 | karibu 85 |
| Hitisinki ya chini kabisa kwa Dar | 0.8 | 0.30 | 0.35 |
| Joto la kutarajia | 63 hadi 68 | 66 | 70 |

Itazame safu ya Barton vizuri. Ukiiwekea hitisinki ya kawaida ya 0.45, hesabu inatoa nyuzi 79, na kikomo chake ni 85. Vumbi la miezi mitatu tu linatosha kuzila hizo sita zilizobaki. Katika chumba cha nyuzi 20, hitisinki hiyohiyo ingeifikisha 67, na mtu wa huko angekuandikia kwa moyo mweupe kwamba hakuna tatizo.

Celeron 300A: joto dogo, kazi ya kutafuta

Siri yake ni kumbukumbu ya akiba (cache). Pentium II za wakati ule zilikuwa na KB 512 kwenye chipu za pembeni zilizokwenda nusu ya kasi ya prosesa, na mara nyingi chipu hizo ndizo zilizokataa kwanza ukipandisha. 300A ina KB 128 tu, lakini ziko ndani ya silikoni yenyewe na zinakwenda kasi kamili. Kizidishio kimefungwa kwenye 4.5, hivyo njia ni moja: kupandisha FSB kutoka 66 hadi 100.

Hapa ndipo mazabodi ya chipseti (chipu kuu zinazoiongoza mazabodi) ya 440BX inapostahili kutafutwa kwa tochi. Ukihamia 100, yenyewe hubadili kigawanyo cha PCI (njia ya kadi ya sauti na diski) kutoka nusu kwenda theluthi, na cha AGP (njia ya kadi ya picha) kuwa theluthi mbili. PCI inabaki 33, AGP 66. Kadi ya sauti, diski ngumu na kadi ya picha hazijui kwamba kuna jambo limetokea. Ukivuka hapo, kwa mfano 112 ili upate MHz 504, PCI inapanda hadi 37, na cha kwanza kuumia ni data za diski ngumu. Faili zinaharibika kimyakimya, siku kadhaa kabla mashine haijaonyesha kosa lolote. Simama 450.

Kazi yenyewe ni fupi. Hakikisha RAM ni PC100, yaani inayomudu mapigo ya 100. Kipande cha PC66 kikibaki ndani, skrini itabaki nyeusi na utamlaumu prosesa bure. Weka 100 kwa jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye mazabodi) au kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijapakia). Kama mazabodi inajichagulia FSB yenyewe, ziba mguso wa B21 kwenye ukingo wa kadi ya prosesa kwa rangi ya kucha. Tabaka moja jembamba, liache likauke nusu saa, kisha ichomeke kadi mara moja bila kuipekecha. Rangi ikikwaruzika, mashine itarudi 300, na hiyo ndiyo dalili ya kuitambua.

Anza na volti 2.0. Skrini ikiwa nyeusi tangu mwanzo, shuku RAM. Ikiganda wakati Windows 98 inapakia, inaomba volti: panda hatua moja moja. Ikiganda baada ya dakika kumi za mchezo, ni joto, na kuongeza volti kutazidisha balaa.

Baada ya robo karne, pesti iliyo kati ya hitisinki na prosesa imeshakuwa kama udongo mkavu. Usiing'oe kwa nguvu. Ipulizie joto kwa draya ya nywele dakika mbili, izungushe kidogo, kisha ivute. Feni ya milimita 50 iliyokuja nayo kwa kawaida beringi zimekauka. Feni ya 60 iliyofungwa kwa tai za plastiki inafanya kazi vizuri zaidi na kwa kelele ndogo.

Tatizo lake ni kuipata. Mashine nyingi za kizazi hicho zimeshapimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukiikuta mazabodi ya BX Kariakoo, tazama kapasita zilizo karibu na sloti ya prosesa kabla ya kuulizia bei. Zilizovimba kichwani hubadilishwa zote kwa pamoja: mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na lazima ziwe za ESR (ukinzani wa ndani) ndogo. Ukiweka za kawaida za redio, mashine itawaka siku ya kwanza na kukuangusha mwezi wa pili.

Mwenye mazabodi ya Super Socket 7, isiyopokea Celeron, anaweza kutazama prosesa ya K6-2+ ya AMD badala yake. Ni ya 2000, volti 2.0, na kizidishio chake kiko huru: ukikiweka 2, prosesa inakisoma kama 6, ukapata 600 kwa FSB ya 100. Utamu wake kwa wapenzi wa DOS ni kwamba inashushika pia, kwa programu, pale mchezo wa zamani unapokimbia kupita kiasi.

Barton 2500+: kasi tamu, mkono mwepesi unahitajika

Kwa raha ya matumizi, hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Kubadili FSB kutoka 166 hadi 200 kunaigeuza kuwa sawa na 3200+, prosesa iliyokuwa kileleni mwa familia yake, kwa hatua moja ndani ya BIOS. Inaendesha Windows 98 na XP vizuri vilevile. Lakini kati ya hizi tatu, ndiyo inayokufa kirahisi zaidi.

Silikoni yake haina kifuniko cha chuma. Ni kipande cha milimita za mraba 101 kilichokaa wazi, na wati 86 zote zinapita hapo. Kwa sababu hiyo pesti mbaya huiumiza Barton kuliko zile nyingine mbili. Ile nyeupe ya silikoni, inayouzwa kwenye vifuko vidogo bila jina, inaweza kukugharimu nyuzi kadhaa ambazo huna. Nunua pesti yenye jina, yenye muhuri ambao haujafunguliwa, ipake nyembamba kiasi cha kuona rangi ya silikoni kwa mbali, na isifike kwenye madaraja madogo ya shaba yaliyo juu ya prosesa.

Ufungaji ndio unaoua nyingi. Soketi A, inapokaa Barton, ina upande mmoja ulioinuka, wenye maandishi. Hitisinki nayo ina mwanya chini, upande mmoja, wa kuupisha huo mwinuko. Ukiigeuza, inakaa juu ya mwinuko, inainama, na haigusi silikoni sawasawa. Kwa macho utaona imefungwa vizuri. Prosesa hizi hazina kinga ya ndani ya kujizima. Bila hitisinki kuigusa, huungua ndani ya sekunde chache, na mazabodi nyingi haziwahi kuizuia. Kwa hiyo kila baada ya kufunga, ifungue mara moja uitazame alama ya pesti: inapaswa kuwa mstatili kamili. Nusu mstatili maana yake imekaa upande.

Klipu inabanwa kwa bisibisi bapa, kwa nguvu nyingi, juu kidogo ya nyaya za shaba za mazabodi. Weka kipande cha kadi ngumu chini ya bisibisi. Ikichomoka, itakwaruza kadi na si nyaya. Usianze kwa kuinamisha hitisinki upande mmoja, maana kona ya silikoni hubanduka kama ganda la yai. AMD, walioitengeneza Barton, walipanga uzito wa gramu 300 kwa klipu ya soketi. Hitisinki kubwa za shaba zinauzidi, hivyo tafuta mazabodi yenye matundu manne kuzunguka soketi ili uifunge kwa skrubu, au laza kasha.

Kuhusu mazabodi, yenye chipseti ya nForce2 Ultra 400 ndiyo ya kuchagua: inafunga PCI na AGP zisipande pamoja na FSB. Chipseti ya VIA KT333 haikutengenezwa kwa 200. RAM iwe DDR400, iende sawa na FSB.

Halafu umeme. Mazabodi nyingi za soketi A huchota nguvu za prosesa kwenye laini ya volti 5. Wati 86, baada ya kinachopotea njiani, ni zaidi ya ampea 21 kwenye laini hiyo, kabla hujahesabu kitu kingine. Pawasaplai za leo zimeegemea volti 12. Nyingi hutoa ampea 15 hadi 20 tu kwenye 5. Mashine itawaka, itafika Windows, kisha itajizima mchezo ukianza, na fundi atabadilisha RAM mara tatu bila mafanikio. Soma lebo: tafuta ampea 30 au zaidi kwenye +5V. Mazabodi yenye plagi ya mraba ya pini nne karibu na soketi mara nyingi huchota kwenye 12, na hapo wasiwasi huu haupo.

Jambo la mwisho: baadhi ya mazabodi husoma joto kwa kihisi kilicho chini ya soketi, si ndani ya prosesa. Kihisi hicho huonyesha pungufu. Ikikuambia 65, usijipongeze.

Northwood 2.4C: ngumu kuiua, rahisi kujidanganya nayo

Kifuniko cha chuma kinailinda silikoni, na ndani kuna kinga: ikichemka hujipunguzia kazi, ikizidi hujizima. Kwa anayeanza, hii inasamehe makosa mengi. Kwenye mazabodi ya chipseti ya 865PE au 875P, weka FSB 250, funga PCI na AGP kwenye 33 na 66, na weka uwiano wa RAM 5:4 ili DDR400 ibaki 200. Nyingi hufika GHz 3.0 kwa volti za kiwandani au 1.55. Usivuke 1.7 kamwe. Northwood zilizolishwa volti nyingi zilijulikana kwa kufa ghafla baada ya wiki au miezi, bila dalili yoyote kabla.

Kinga hiyo ina upande wake mchungu. Ikichemka, huruka mapigo: hufanya kazi kidogo, hupumzika, hufanya tena. BIOS na Windows vitaendelea kukuonyesha GHz 3.0 huku unapata kama nusu yake. Katika joto letu, Northwood iliyopandishwa kasi kwa hitisinki hafifu inaweza kuwa polepole kuliko ambayo haikuguswa. Dawa ni kuipima: endesha kipimo cha 7-Zip mashine ikiwa imetoka kuwashwa, kisha baada ya nusu saa ya kazi nzito. Matokeo yakishuka kwa zaidi ya asilimia chache, una tatizo la joto hata kama hakuna kilichoganda.

Faida yake Dar ni kwamba Pentium 4 zimejaa kwenye mtumba wa maofisi. Hasara ni kwamba kompyuta hizo za ofisini hazina sehemu ya FSB kwenye BIOS. Njia iliyobaki ni programu ya SetFSB ndani ya Windows, na inafanya kazi tu ikiwa inaitambua chipu ya saa ya mazabodi yako. Chipu hiyo iko jirani na kristali ndogo ya MHz 14.318, soma namba yake kabla hujanunua.

Wakati wa kung'oa hitisinki, iwashe mashine dakika kumi kwanza ili pesti ilainike, zima, kisha zungusha ndipo uinue. Ukiivuta baridi, prosesa inatoka nayo hata soketi ikiwa imefungwa, na pini zinapinda. Hitisinki za Intel zilizokuja na prosesa za kasi ya juu zina kiini cha shaba katikati. Pindua, ukiona duara jekundu, ichukue. Prescott, Pentium 4 iliyofuata Northwood, iachie wengine: GHz 3.0 yake huanza na wati 89 kabla hujagusa chochote.

Feni, maji au barafu

Shaba na feni ya milimita 80 inatosha kwa zote tatu. Kuliacha kasha wazi na kulipulizia feni ya mezani hushusha joto mara moja, lakini huleta vumbi, na kwa wakazi wa Kigamboni, Msasani au Kunduchi huleta chumvi ya bahari inayokula mapezi ya alumini yakaota unga mweupe. Afadhali feni ya milimita 120 nyuma inayotoa nje, na tundu la mbele lenye wavu. Wavu huo pia huzuia mjusi asiingie kwenye pawasaplai.

Maji yana maana kwa Barton peke yake, na faida ni nyuzi 8 hadi 10 dhidi ya shaba nzuri, kwa sababu maji hayawezi kuwa baridi kuliko chumba. Usitumie maji ya kisima. Ya Dar mengi yana chumvi. Yale yasiyo na madini yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri yanafaa, ila soma chupa, maana pembeni yake huwekwa asidi. Ikiwa bloku inayokaa juu ya prosesa ni ya shaba na rejeta ni ya alumini, changanya kulanti ya gari sehemu moja kwa saba, la sivyo alumini italiwa. Pampu iwe ya volti 12, iungwe pawasaplai ileile. Pampu ya tanki la samaki yenye plagi yake ikikosa kuwaka umeme unaporudi, Barton haitakusubiri.

Kupoza chini ya joto la chumba, kwa Peltier (kipande cha umeme kinachopoza upande mmoja) au barafu, usifanye hapa. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 26. Soketi italowa kabla hujaona baridi yoyote ya maana.

Basi chukua ipi

Kwa michezo ya DOS na Windows 98 yenye kadi ya sauti ya ISA, vumilia utafute 300A na BX. Nusu nzima ya kasi inaongezeka na hutahangaika na joto kabisa. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, au bajeti inakubana, Northwood kwenye mazabodi ya 865PE. Barton ni ya mwenye hitisinki ya shaba mkononi, pawasaplai aliyoisoma lebo, na subira ya kufungua na kufunga mara mbili. Kati ya hayo matatu kikikosekana kimoja, iache kwenye 166 kwanza.

Upimaji ufanywe kwa mpangilio: Memtest86+ (kipimo cha RAM) mizunguko miwili, kisha Prime95 (kipimo cha prosesa) kwa muda wa saa sita, kasha likiwa limefungwa, saa sita hadi kumi na mbili za mchana. Mashine iliyopangwa Julai wakati wa kipupwe, usiku, itaanza kuganda Desemba, na utadhani imechakaa. Ukilazimika kuipanga kipupwe, acha akiba ya nyuzi 8 chini ya kikomo.

Ikikataa kuwaka, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 dakika tano au tumia jampa ya kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS). BIOS za Award nyingi hukubali pia ukishikilia kitufe cha Insert wakati wa kuwasha. Ukishafika mahali pa utulivu, andika FSB, volti, joto la mchana na tarehe kwenye karatasi, igundishe upande wa ndani wa kifuniko cha kasha. Betri ile itakufa siku moja, mipangilio yote ifutike.